“Mjomba, nilipe kesho”: Historia ya Lisp na funzo lake kwa wanasarufi wa Kiswahili

Deni ndilo lililonipeleka kwenye historia ya kompyuta. Mwaka jana mpwa wangu, anayesomea sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, alinikopa pesa za kutengenezea kipakatalishi chake. Jioni moja akanitumia ujumbe wa maneno matatu: “Mjomba, nilipe kesho.” Nikashangaa. Huyu kijana ana wazimu? Pesa ni zangu, mdeni ni yeye, kisha ananiamuru nimlipe! Nikamjibu kwa ukali unaowafaa walimu wa zamani. Dakika chache baadaye simu ikalia.

“Mjomba, shikamoo. Pole, lakini mimi nilikuwa nauliza tu. Nilipe kesho ama nilipe mwisho wa mwezi? Nimesahau alama ya kuuliza.”

Nilicheka hadi machozi. Kisha, kwa kuwa ualimu ni maradhi yasiyopona, nikaanza kumfafanulia kwamba ni- ya kwanza ni kiambishi nafsi na ni- ya pili ni kiambishi yambwa. Akanikatiza: “Sasa mjomba, hapo si hata kompyuta ingechanganyikiwa?” Nikamuuliza kama amewahi kuijaribu. Kimya. Jumamosi iliyofuata akabisha mlangoni, kipakatalishi mkononi, na kitabu kinene cha Peter Norvig cha mwaka 1992 kuhusu akili unde. “Tutatumia Lisp,” akasema.

Makala haya yanatokana na Jumamosi hizo. Nakusudia kusimulia jinsi lugha hiyo ya kompyuta ilivyozaliwa, jinsi ilivyopata uwezo wa kujiongezea sarufi, na jinsi uwezo huo ulivyotumiwa kuchanganua lugha za watu. Mwishoni nitarejea kwa lile neno moja, “nilipe”, kwa sababu lilinifunza jambo ambalo miaka yangu yote darasani haikuwa imenifunza.

Lugha iliyozaliwa kwenye karatasi

Lisp ilianza mwaka 1958 katika chuo cha MIT, Marekani. Mwanzilishi wake ni John McCarthy, mwanahisabati ambaye miaka michache awali alikuwa amelipa taaluma ya akili unde jina lake la Kiingereza. Wakati huo Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, ilikuwa imeshika kasi. Fortran iliundwa kwa ajili ya hesabu za wahandisi. McCarthy alitaka kitu kingine: lugha ya kushughulikia ishara, maneno na mahusiano yake. Aliichapisha nadharia yake mwezi wa Aprili mwaka 1960.

Jina Lisp linatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya uchakataji wa orodha. Kila kitu katika Lisp huandikwa kama orodha iliyofungwa kwa mabano, na aghalabu neno la kwanza ndani ya mabano ndilo linalotenda. Tukiyaweka maneno ya Kiswahili, (jumlisha 2 3) huzaa 5. Ndani ya orodha mnaweza kuwa na orodha nyingine, na ndani ya hiyo nyingine tena, mfano wa sufuria za harusi zinazopangwa moja ndani ya nyingine.

Msomaji aliyewahi kufundishwa kuchora matawi ya sentensi atalitambua jambo hili mara moja. Orodha za Lisp ni ule mchoro wa matawi, ila tu umelazwa ubavu. Sentensi ina kikundi nomino na kikundi tenzi. Kikundi nomino kina nomino na kivumishi. Na kadhalika hadi chini. Ndiposa wanaisimu walivutiwa na Lisp tangu mapema.

McCarthy mwenyewe hakukusudia watu waandike kwa mabano hayo. Alikuwa amepanga namna nyingine ya uandishi iliyokaribiana na hisabati ya kawaida, na mabano yawe ya ndani tu, kwa ajili ya data. Aidha, katika makala yake ya kinadharia alieleza utaratibu wa kutathmini usemi wowote wa Lisp, na utaratibu huo wenyewe ulikuwa umeelezwa kwa Lisp. Kwake hayo yalikuwa ya karatasini. Mwanaprogramu Steve Russell aliusoma utaratibu huo akaona kwamba unaweza kuandikwa kwa lugha ya mashine ya IBM 704. McCarthy akamwambia anachanganya nadharia na vitendo. Russell hakubisha sana, alikwenda akaufanya. Mashine ikaanza kuelewa Lisp.

Ile namna nyingine ya uandishi iliyopangwa haikupata kushika. Wanaprogramu walikuwa wamekwisha kuyazoea mabano. Nasi wanalugha tunajua kwamba mazoea ya wasemaji yakishaota mizizi, tangazo la msomi halifui dafu mbele yake.

Amri inayoandika amri

Kuyazoea mabano kulikuwa na tija moja kubwa. Ikiwa programu ni orodha, na kazi ya Lisp ni kuchakata orodha, basi programu ya Lisp inaweza kuchakata programu nyingine ya Lisp, kuigeuza, hata kuiandika kuanzia mwanzo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1963, Timothy Hart wa MIT aliandika waraka mfupi wa kitaalamu akipendekeza kwamba Lisp iongezewe makro. Neno lenyewe lina asili ya Kiyunani, na lilikuwa tayari likitumiwa na waandishi wa lugha za mashine kwa maana ya amri moja inayosimamia amri nyingi.

Makro ni nini basi? Mpwa wangu alijaribu mara mbili kunieleza nikashindwa. Mara ya tatu akaleta mfano wa stima.

“Hebu fikiria mjomba, unataka kuandika hivi: (ikiwa deni-limelipwa (toa-risiti) (kata-stima)). Sawa? Sasa, fankisheni ya kawaida ya Lisp hutekeleza kwanza kila kitu kilichomo kwenye mabano yake, ndipo ianze kazi yake. Unaona shida?”

Niliiona. Fankisheni hiyo ingetoa risiti na papo hapo ikate stima, kisha ndipo ijiulize kama deni limelipwa. Mteja anabaki gizani na risiti mkononi.

Makro haifanyi hivyo. Hupokea maneno yenyewe yalivyoandikwa, kabla hayajatekelezwa, ikayapanga upya kuwa amri ambayo Lisp tayari inaifahamu, kisha ikakabidhi matokeo yatekelezwe. Tuseme Lisp yetu inalijua “ikiwa” lakini hailijui “isipokuwa”. Hakuna haja ya kusubiri kamati ikae. Unaandika makro ya mistari miwili mitatu, na kuanzia hapo kila (isipokuwa deni-limelipwa (kata-stima)) inafunuliwa kuwa (ikiwa deni-limelipwa hakuna (kata-stima)). Lugha imepata kiunganishi kipya.

Mimi nililielewa kwa njia yangu. Mtu anaposema “babake”, msikilizaji hufunua kichwani “baba yake”. Akisikia “nami”, hufunua “na mimi”. Umbo fupi hutangulia, umbo refu hufuata, na maana hutekelezwa mwishoni. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili vifupisho hivyo vilikuja vyenyewe kwa karne nyingi, ilhali mwandishi wa Lisp huunda vyake kabla ya chai ya saa nne.

Kuandika makro kulikuwa kugumu hapo mwanzo, kwa sababu ilibidi mtu ajenge orodha kipande kwa kipande. Nafuu ilitoka kwa mwanafalsafa. W. V. O. Quine, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1940, alikuwa amebuni nukuu yenye matundu: unanukuu usemi mzima jinsi ulivyo, isipokuwa mahali fulani ambapo unaacha nafasi ya kujazwa. Kufikia miaka ya 1970 wazo hilo lilikuwa limeingia katika Lisp. Ni kama zile fomu za ofisi ya chifu: maneno yote yamechapishwa, wewe unajaza jina na nambari ya kitambulisho. Nilipolipata hilo, makro zikaacha kunitisha.

Hata hivyo, kila uhuru una gharama, na makro zilikuwa na gharama mbili.

Gharama ya kwanza ni mgongano wa majina. Makro inaweza kutumia ndani yake jina fulani la muda, na kumbe mtumiaji naye ana jina hilo hilo upande wake. Ni sawa na mtu anayeacha maagizo, “Otieno akija mpe barua hii,” bila kujua kwamba nyumba hiyo ina akina Otieno wawili. Barua inafika, ila si kwa mwenyewe. Mwaka 1986, Eugene Kohlbecker, Daniel Friedman, Matthias Felleisen na Bruce Duba walichapisha utaratibu wa kuzuia mgongano huo, wakauita usafi wa makro. Lahaja ya Lisp iitwayo Scheme iliufuata mkondo huo. Common Lisp ilishikilia njia ya zamani: mwandishi wa makro aombe mashine imtungie jina jipya ambalo halipo mahali pengine popote.

Gharama ya pili inatuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Kila kikundi kikiwa na uwezo wa kuiongezea lugha sarufi, lugha hugawanyika. Ndivyo ilivyokuwa. MIT walikuwa na MacLisp. Huko California watafiti wa Xerox walikuwa na Interlisp. Chuo cha Berkeley kilikuwa na Franz Lisp, na kadhalika. Programu iliyoandikwa hapa haikueleweka pale. Mwaka 1981 wadau walianza mazungumzo ya kutafuta lahaja moja ya pamoja. Mwaka 1984 Guy Steele akachapisha kitabu kilichoieleza Common Lisp. Na mwaka 1994 shirika la viwango la Marekani likaiidhinisha.

Msomaji wa safu hii hawezi kuyasoma hayo asikumbuke mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kuusimamia usanifishaji huo. Manung’uniko ya wapenzi wa Kimvita hayajaisha hadi leo. Wapenzi wa Interlisp nao walinung’unika. Lakini kuna tofauti ninayotaka tuishike: Common Lisp iliposanifishwa, haikumnyang’anya mtumiaji uwezo wa kuunda makro. Usanifu ulikuja, na mlango wa kuongeza ukabaki wazi.

Kutoka mabano hadi maneno ya watu

Sasa tuje kwenye uchanganuzi. Kuchanganua ni kupokea mfuatano wa ishara na kuonyesha muundo wake, yaani kuurejesha ule mchoro wa matawi. Miaka hiyo hiyo Lisp ilipozaliwa, Noam Chomsky alikuwa akiziainisha sarufi kihisabati, na John Backus pamoja na Peter Naur wakaunda namna fupi ya kuandika kanuni za sarufi za lugha za kompyuta, iliyotumika kuieleza Algol mwaka 1960. Lugha nyingi za kompyuta zikawa zinahitaji kichanganuzi kizito mlangoni. Lisp haikukihitaji sana, kwa sababu mabano yake yenyewe yanatangaza muundo. Mwandishi wa Lisp anakuja na mchoro wa matawi ukiwa umekwisha kuchorwa.

Lakini watu hawasemi kwa mabano. Kwa hiyo waliotaka mashine ielewe lugha ya binadamu walilazimika kuandika vichanganuzi, na wengi wao waliviandika kwa Lisp. William Woods aliunda mfumo ulioitwa LUNAR, uliojibu maswali ya Kiingereza kuhusu sampuli za mawe yaliyoletwa kutoka mwezini na wanaanga wa Apollo. Wanajiolojia waliujaribu katika kongamano la mwaka 1971. Kipindi hicho hicho, Terry Winograd wa MIT aliandika SHRDLU, programu iliyoongea na mtu kuhusu vibao na piramidi kwenye meza ya kuwaziwa, ikayasogeza kwa kuamriwa.

Polepole ikadhihirika kwamba kichanganuzi hakihitaji kuandikwa upya kila siku. Unaweza kuandika kanuni za sarufi peke yake, na makro ikazigeuza kuwa programu. Katika Common Lisp kuna makro moja kubwa ya kurudiarudia kazi, yenye asili katika Interlisp, ambayo hupokea maneno yaliyopangwa karibu kama sentensi ya Kiingereza na ndani yake ina kichanganuzi cha kuyafumbua. Mwaka 1991 Henry Baker alionyesha jinsi makro chache zinavyotosha kujenga kichanganuzi kidogo chenye kasi. Leo zipo maktaba za programu, mathalani Esrap, ambazo kazi yake ni hiyo: wewe toa kanuni, zenyewe zitakupa kichanganuzi.

Mpwa wangu aliichagua maktaba ya aina hiyo. Akaandika makro yake akaiita “kanuni”, ili sheria zetu ziweze kuandikwa kwa istilahi za darasani. Nilipoiona sheria ya kwanza kwenye kioo, nilivaa miwani nikasogea: (kanuni ombi kiambishi-nafsi mzizi kiishio-e). Chini yake: (kanuni amri kiambishi-yambwa mzizi kiishio-e). Niliweza kuisoma! Nyuma ya mistari hiyo kulikuwa na ukurasa mzima wa Lisp ambao hata leo siwezi kuudai, lakini mistari yenyewe ilikuwa sarufi ya Kiswahili, tena kwa Kiswahili.

Jibu moja halitoshi

Tukaipa “nilipe”. Mashine ikajibu papo hapo: ni, lip, e, ombi, mimi nilipe. Mpwa akapiga makofi.

“Na lile jingine?” nikauliza.

“Lipi?”

“Lile lililonipandisha hasira. Wewe unilipe mimi.”

Hakukuwa na jingine. Tulitafuta kosa kwa saa nzima hadi tukagundua kwamba si kosa. Maktaba ile imejengwa juu ya aina ya sarufi ambayo Bryan Ford aliieleza mwaka 2004, na kanuni yake kuu ni hii: jaribu njia kwa mpangilio, ya kwanza kufaulu ndiyo jibu, nyingine zisahauliwe. Kwa lugha ya kompyuta hilo ni jema. Amri ya benki haitakiwi kuwa na maana mbili. Kumbe kwa lugha ya watu hilo ni upofu. Tulikuwa tumeiandika kanuni ya ombi juu ya kanuni ya amri, basi mashine ikaishia hapo. Tungezipanga kinyume, ingesoma kama nilivyosoma mimi usiku ule, nayo ingekasirika kama mimi.

Suluhisho lilikuwa la zamani na rahisi, tena Norvig anao mfano wake katika kitabu kile. Mwaka 1985 Philip Wadler alikuwa amelieleza wazo lenyewe vizuri: kichanganuzi kisirudishe jibu moja au kushindwa, kirudishe orodha ya majibu yote. Orodha yenye jibu moja ni ufaulu, yenye majibu mengi ni utata, tupu ni kushindwa. Na katika Lisp, orodha ndiyo unga na maji. Mpwa akaiacha ile maktaba, akaandika kichanganuzi chake kidogo chini ya makro ile ile ya “kanuni”. Zile sheria zetu za Kiswahili hazikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mashine iliyozifasiri.

Tukaipa “nilipe” tena. Majibu mawili! Akataka kufunga kipakatalishi twende tukale.

“Ngoja,” nikamwambia. “Kuna la tatu.”

Akaniangalia kama mtu aliyechoka na wazee.

“Nimefungua duka,” nikasema. “Duka langu jipya nilipe jina gani?”

Kimya. Kisha akacheka. Ni-li-p-e: ni- ya nafsi, -li- ya duka katika ngeli ya LI-YA, mzizi -p- wa kitenzi “pa”, na kiishio -e. Sauti zile zile, herufi zile zile, na kitenzi chenyewe ni kingine kabisa. Kwa nini mashine haikukiona? Nikaomba anionyeshe orodha ya viambishi. Ilikuwa pale, kwa Kiswahili chepesi. Chini ya viambishi njeo aliandika na, li, ta, me. Chini ya viambishi yambwa aliandika ni, ku, m, tu, wa. Basi. Alikuwa amewakumbuka watu, akavisahau vitu vyote: li, ya, ki, vi, u, i, zi na wenzao.

“Umesahau ngeli, kijana wangu.”

Nikaongeza viambishi hivyo mimi mwenyewe kwa vidole viwili. Nikabonyeza. Majibu matatu.

Mpenzi msomaji, nimesahihisha insha nyingi maishani mwangu, lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza kusahihisha mashine. Na niliweza kwa sababu moja tu: sheria zilikuwa zimeandikwa kwa maneno ninayoyamiliki. Kama mpwa wangu angeandika ujuzi huo ndani ya ukurasa ule wa Lisp, kosa lingekaa humo miaka. Yeye asingelijua, kwa kuwa si mwanasarufi. Nami nisingeliona, kwa kuwa si mwanaprogramu. Makro ndiyo iliyotukutanisha mlangoni.

Walikotangulia wengine

Furaha ina mwisho. Tulipojaribu “Simba anakula”, mashine ilituambia kwamba simba yuko mlo, au kwamba simba anakula wewe, kwa kuichukua -ku- kuwa yambwa. Na kusema kweli haikukosea: anamla, anatula, anakula. Kadiri tulivyoongeza viambishi, ndivyo majibu yalivyozidi kumiminika. Utata usioonekana na msemaji huonekana wote na mashine.

Hapo ndipo niliposoma habari za Helsinki. Mwaka 1983, Kimmo Koskenniemi wa Finland alibuni mfumo wa kuchanganua maneno kwa ngazi mbili, ngazi ya umbo la nje na ngazi ya umbo la ndani. Mwaka huo huo Lauri Karttunen na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Texas waliuandika kwa Lisp wakauita KIMMO, na wengi waliufahamu kupitia hapo. Mwaka 1990 Fred Karlsson, naye wa Helsinki, alieleza njia ya kukabili utata: anza na maana zote zinazowezekana, kisha tumia kanuni za muktadha kuondoa zisizofaa, moja baada ya nyingine. Kichanganuzi chake cha awali alikiandika kwa Lisp.

Arvi Hurskainen, profesa wa lugha za Kiafrika katika chuo hicho hicho, alizichukua mbinu hizo mbili akazielekeza kwenye Kiswahili. Mwaka 1992 alichapisha uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa ngazi mbili, na kazi hiyo ikakua kuwa mfumo uitwao SALAMA. Kwa hiyo uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta si ndoto ya kesho. Una zaidi ya miaka 30, na mizizi yake inagusa mabano ya McCarthy.

Swali linaloniuma ni kwa nini kazi hiyo ilistawi zaidi kwenye baridi ya Finland kuliko katika vyuo vyetu. Jibu rahisi ni pesa na mitambo, na si la uongo. Lakini nadhani kuna jingine. Tumegawanya nyumba. Idara ya Kiswahili iko ghorofa moja na idara ya kompyuta ghorofa nyingine, na wanafunzi wao hawakutani ila kwenye foleni ya chakula. Mwanasarufi anaamini kompyuta si yake. Mwanaprogramu anaamini sarufi ni ya kupita mtihani. Kisha wote wawili tunalalamika kwamba mashine za kigeni zinakiboronga Kiswahili chetu.

Aidha, tumezoea kusema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Historia ya Lisp inanifanya nilitilie shaka dai hilo. Lisp ilianza na maneno machache mno. Haikuishi kwa zaidi ya miaka 60 kwa sababu ya wingi wa maneno. Iliishi kwa sababu watumiaji wake waliachiwa kuunda walichokihitaji siku walipokihitaji, na kilichofaa kikasanifishwa baadaye. Kiambishi, mzizi, kiishio, yambwa, njeo: istilahi hizi tulikuwa nazo tayari, na zilitosha kabisa kuiendesha programu ya mpwa wangu. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuziketisha mbele ya mashine.

Baada ya duka kuwa duka na simba kuwa simba, tuliandika kanuni za kuondoa, kwa mfano wa Karlsson. Ikiwa kabla ya kitenzi kuna nomino ya LI-YA, na baada yake kuna jina, maana ya tatu ipewe kipaumbele. Ilifaulu. Lakini “Mjomba, nilipe kesho” bado inarudisha majibu mawili, na hakuna kanuni tuliyoweza kuiandika ya kuliondoa mojawapo. Maneno yenyewe hayatoshi. Inabidi ujue nani anamdai nani.

Mimi najua. Kufikia ninapoandika haya, amelipa nusu.